Nani Aone

Jina alilojipa mchezoni ni Kiwia_Pasua_2012.
Nililisoma mara mbili, kama risiti:
jina la babu yake, mtaa tunaolala,
mwaka niliomzaa, mvua za Aprili zikipiga bati;
vyote vimepangwa nje ya mlango kama viatu.

Sikuwa napeleleza.
Nilikuwa napeleleza.
Nimetoka Memorial, mgongo umekufa kwa marobota ya mitumba,
nachambua dagaa kwenye sinia,
na sauti ya simu yake iko wazi
kwa kuwa hedifoni ilikufa sikio moja, kisha la pili.

Bunduki zinalia. Watoto wanacheka, sijui wa wapi.
Halafu sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka:
"Mdogo wangu, unacheza vizuri.
Kwenu mlima mnauona upande gani?"
"Dirishani kabisa," anajibu mwanangu, kwa fahari.
"Na kengele ya shule yenu hulia saa ngapi?"

Dagaa niliyemshika nilimvunja kichwa,
na kichwa nikakivunja tena.

Sikupiga kelele. Mama yangu angepiga.
Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikasema, nionyeshe
kile kigurudumu chenye meno, kile usichokigusa.
Akabonyeza. Juu pameandikwa Faragha,
neno ambalo nyumbani kwetu lilitosha bafu tu.

Nani aone kama uko hewani? Kila mtu.
Nani akutumie ujumbe? Kila mtu.
Nani asikie sauti yako? Kila mtu.
Nani ajue ulipo?
"Huyu Kila Mtu," nikamwuliza, "ni mtoto wa nani?"
Alicheka kidogo, halafu hakucheka.

Kule Kibosho kwa bibi hatukuwa na ukuta.
Kulikuwa na masale, mstari wa majani
ambao hata mbuzi aliupita akitafuna.
Lakini mtu mzima alisimama pale, akakohoa, akapiga hodi,
na hodi ni tatu. Ukinyamaziwa, geuza visigino.
"Mama, kwenye gemu hakuna masale."
Yapo, nikasema. Yamo humo kwenye kigurudumu.
Wenye mchezo wameyalaza chini
ili soko lao lijae.

Tukayasimamisha, shina moja moja,
vidole vyake vya mbio, vyangu vya sindano.
Mahali: zima.
Sauti: marafiki tu, na marafiki wenyewe
tukawahesabu, wakabaki wanne.
Jina ndilo lililotugombanisha. Yeye anataka chui,
anataka moto, anataka chui wa moto;
mwisho akajiita Mtori_wa_Jana,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Yule wa sauti isiyo na haraka tukamfungia.
Akatoweka bila neno,
kama mtu aliyekwisha kuzoea milango,
na hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Alfajiri Kibo ilijitokeza, nyeupe, dakika kumi hivi,
kisha ikavuta wingu lake.
Hakuna aliyeilalamikia.

Wiki ikapita. Kiwia anaoga, simu iko mezani.
Niliinyakua, niangalie tu, kidogo tu,
nani na nani.
Simu ikaniomba namba.
Nikaweka mwaka aliozaliwa. Ikakataa.
Nikaweka mwaka niliozaliwa mimi. Ikakataa.
Nani aone? Si mimi.
Damu ilinipanda: bando nanunua mimi, simu nimenunua mimi,
nikasimama katikati ya chumba na kitu kile mkononi
kama mwizi anayesubiri kuitiwa watu.
Nikakirudisha pale pale, kioo kikitazama chini,
kama alivyokiacha.

Jioni nilisimama nje ya pazia lake.
Pazia tu, kitenge cha zamani, hata mbuzi angelipita.
Hodi.
Bunduki.
Hodi.
Bunduki, bunduki, mtu anaanguka.
Ya tatu niliishika mdomoni, nikaogopa kuitumia.
Hodi.

"Karibu, mama," akasema.
"Ngoja kwanza nife."